Washa ao wacha?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu wakati mzee wako analala baada ya posti ya usiku, leo sitakuandikia juu ya malaria wala juu ya kuchemsha maji. Nitakuandikia juu ya neno moja. Neno hilo lilikula vidole 3 vya mkono wa kuume wa ndugu mmoja wa mashine ya kuvunja mawe.

Ilikuwa posti ya usiku. Mkanda unaopeleka mawe ulisimama, jiwe limekwama kati ya mkanda na gurudumu. Ndugu yule akaingiza mkono ili alitoe. Hilo lilikuwa kosa, na yeye mwenyewe analikubali: hakukata umeme, hakuweka kufuli. Kisha akaona mwenzake anakaribia kisanduku cha umeme. Akapiga kelele: "Wacha! Wacha!" Mwenzake alikuwa na vizibo masikioni, na nyuma yake mashine nyingine inanguruma. Akasikia: "Washa! Washa!" Akawasha.

Nilimpokea dispansari kabla ya saa tisa ya usiku. Vidole 3 vilikwisha, na mkono wa kushoto ulivunjika fasi mbili alipojaribu kujivuta. Nilizuia damu, nikafunga, tukampeleka hospitali. Niliporudi, nilimkuta yule mwenzake amekaa mlangoni pangu, kofia ya kazi juu ya magoti, akirudia neno lile lile: "Infirmie, mimi nilisikia washa." Namwamini. Wale wanaomwita mzembe hawajasimama karibu na mashine ile. Jaribu wewe leo nyumbani. Mwambie mtoto aende nyuma ya nyumba ambapo watu wanatwanga sombe, umwite kutoka barazani: washa, wacha, washa. Halafu umwulize umesema nini.

Kwa nini ninayarudia mambo haya leo? Kwa sababu ofisi imetuambia kwamba kutaletwa tableti zitakazofungwa ukutani, moja kwenye mlango wa shimo, nyingine kwenye mashine ya kuvunja mawe. Ndani yake kuna programu inayosikia sauti. Mtu mwenye glavu zilizojaa grisi hatahitaji kugusa kitu. Atasema neno, na tableti itafungua karatasi ya ajali, ao itaita gari la wagonjwa, ao itapeleka habari dispansari. Wanasema baadaye sauti itaweza kutumika hata kwa pampu ya maji na kwa feni ya kupeleka hewa chini.

Mimi siyo adui wa jambo hili. Nitaeleza hapa chini kwamba nimeliona likimsaidia mtu. Lakini nimeiona pia karatasi ya maneno 14 ya amri, iliyobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya zamu. Nikaona humo "funga" na "fungua". Nikaona "panda" na "pandisha". Na katikati ya karatasi, kama vile hakuna kitu kilichotokea kati yetu, nikaona "washa".

Aliyeandika karatasi ile ni mtu mwema, namfahamu. Lakini aliiandika akiwa amekaa mezani, dirisha limefungwa. Maoni yangu ni kwamba karatasi ile irudi kwa watu wa kazi, na maneno yachaguliwe na wale watakaoyapigia kelele.

Kwanza uelewe namna mashine inavyosikia. Haielewi maneno kama wewe unavyomwelewa mke wako hata akiguna tu. Inalinganisha sauti iliyoingia na sauti ilizofundishwa, halafu inachukua ile inayofanana zaidi. Mwaka 1952, huko Marekani, watu wa Bell walitengeneza mashine iliyoitwa Audrey. Ilijua hesabu tu, kutoka 0 mpaka 9, na ilisikia vizuri sauti ya mtu iliyemzoea. Akija mwingine, ilianza kukosa. Mwaka 1962 kampuni ya IBM ilionyesha nyingine iliyojua maneno 16. Leo simu iliyo mfukoni mwako inajua maneno maelfu na maelfu, lakini hali ya msingi haijabadilika: isichofundishwa, inakikisia.

Na nani ameifundisha Kiswahili? Mwezi wa nane mwaka 2017, Google iliingiza Kiswahili katika kuandika kwa sauti. Kiliingia kwa majina mawili: Kiswahili cha Kenya na Kiswahili cha Tanzania. Kongo haikutajwa. Basi wewe wa Bunia unasema "fungula", nayo inatafuta "fungua". Unasema "fasi", nayo inangoja "mahali". Unachanganya Kiswahili, Lingala na Kifaransa katika sentensi moja, kama sisi sote tunavyofanya sokoni na kazini, nayo inabaki kama mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege asubuhi hii. Si kosa lako. Kuna mradi wa Mozilla unaoitwa Common Voice, ambao Kiswahili kimo ndani yake, na kila mtu mwenye simu na mega kidogo anaweza kusoma sentensi kwa sauti yake na kuitolea bure ili mashine zijifunze. Vijana wetu wa Lumumba na Mudzi Pela wanaotumia mega kwa kutazama mpira wangeweza kutoa robo saa kwa kazi hiyo. Lakini haya yatachukua miaka, na tableti inakuja sasa.

Kwa hiyo turudi kwenye njia ya pili, ambayo ni kuunda amri zako mwenyewe. Hapa ndipo yule ndugu wa vidole 3 alipokuwa mwalimu wangu.

Alipotoka hospitali alikuwa na mkono mmoja katika plasta na mwingine katika bandeji. Hakuweza kula peke yake, wala kupiga simu. Mwanamume wa miaka 41 analishwa bugali na binti yake, na akitaka kuzungumza na kaka yake, lazima mtoto asikie yote. Alinikasirikia mimi, alikasirikia nyumba nzima. Mdogo wake akamletea kutoka Kampala simu ya iPhone, ya mtumba, kioo kimepasuka pembeni. Nikaichunguza usiku mmoja, na katika mipango ya walemavu nikakuta kitu kinachoitwa kwa Kifaransa "Contrôle vocal". Apple waliiweka katika simu zao tangu mwaka 2019. Ukiiwasha, simu inasikiliza na kutii: rudi nyuma, shuka chini, gusa namba 5. Kiswahili hakimo, basi tuliiacha katika Kifaransa. Jambo zuri ni kwamba ukishashusha faili la lugha mara moja, haidai tena mega. Hata mtandao ukikatika, na unajua unavyokatika hapa kwetu, simu inaendelea kusikia.

Lakini kizuri zaidi ni pale pa kuunda amri mpya. Unaandika maneno unayotaka kusema. Halafu unachagua yafanye nini: yaandike maneno uliyoyatayarisha, ao yarudie mguso wa kidole uliourekodi, ao yaanzishe kazi ndefu ya hatua nyingi, ao yarudie amri kadhaa ulizozisema zamani. Na simu zilizopata programu mpya ya mwaka 2024 zina njia nyingine ambapo unatamka neno lako mara 3 ili simu ilizoee.

Tulikaa mchana mbili chini ya mwembe wake. Amri ya kwanza aliyotaka ilikuwa "Mama", ili simu impigie mkewe. Nilimwambia fikiri kidogo. Hakutaka. Basi tukaiweka. Ana watoto 6, ndugu msomaji. Kila mtoto aliyelia "mama" uani, simu ilimpigia mama. Mama yuko sokoni anauza samaki, simu inalia, anaitika, anasikia watoto wanagombana. Kufika jioni uniti zilikuwa zimekwisha, na mama alirudi na maneno ambayo hayafai kuandikwa katika gazeti la kampuni.

Somo la kwanza tulilipata hapo: neno la amri lisiwe neno linalozungumzwa kila dakika nyumbani ao kazini.

Tukajaribu "piga" na "pika", juu ya kucheka tu, na simu ikayachanganya. Tukajaribu neno fupi kama "Aru". Likapotea katika kikohozi. Ndipo yeye mwenyewe akapata akili ambayo mimi sikuwa nayo. Alisema: "Tuchukue majina ya miji. Kila mtu anayajua, na hakuna anayeyasema jikoni." Mambasa ikawa kumpigia mkewe. Komanda ikawa kuandika kwa kaka yake: "Mimi ni salama, nipigie jioni." Mahagi ikawa mimi, infirmie. Kasenyi ilikataa kabisa, simu iligeuza kila mara kuwa maneno ya Kifaransa yasiyo na kichwa wala miguu, tukaiacha. Baadaye mjomba wake alikuja kumtembelea, akasimulia habari ya safari ya Mahagi, na simu yangu ikalia mara nne. Kwa hiyo tukaiongeza: "Mahagi, Mahagi." Mara mbili mfululizo. Tangu siku ile hainisumbui bure.

Nilipofika nyumbani nilikumbuka kwamba marubani walifika kwenye akili hiyo zamani. Wakati wa hatari hawasemi "tusaidieni", wanasema "Mayday" mara 3, neno lililotolewa katika Kifaransa cha kuomba msaada. Na herufi zao wanazitaja kwa maneno: Alfa, Bravo, Charlie. Maneno yale yalijaribiwa kwa watu wa lugha mbalimbali, mengine yakatupwa kwa sababu yalisikika vibaya katika redio, na orodha ya sasa ilianza kutumika mwezi wa tatu mwaka 1956. Wale hawakuona haya kurudia kazi mpaka maneno yafae. Na sisi wa mgodi tulikuwa na kengele za kizimba kabla ya tableti. Katika nchi nyingi mlio 1, kizimba kikiwa kinatembea, maana yake ni kusimama. Nani alisoma chuo kikuu ili ajue hivyo? Amri ya kusimama ilipewa mlio ulio rahisi kuliko yote, ambao hata mtu aliyeumia anaweza kuupiga.

Basi angalia karatasi ya ofisi kwa jicho hilo. "Funga" na "fungua" zinatofautiana kwa sauti moja ndogo ya katikati, na maana zake zinapingana. Ukikosea "funga" na "chai", utacheka. Ukikosea "funga" na "fungua" kwenye bomba la maji, watu wako chini. Amri mbili zinazopingana zisifanane hata kwa silabi moja. Na amri yenye matokeo makubwa iwe ndefu zaidi. Ndogo iwe fupi. Kisha mashine irudie ilichosikia kabla ya kutenda, ingoje useme ndiyo. Rubani anarudia agizo la mnara. Kwa nini pampu isirudie?

Sasa nakuja kwenye jambo la kazi yangu, na hapa naomba usome polepole.

Sauti yako ya kazini siyo sauti yako ya nyumbani. Daktari mmoja Mfaransa wa masikio, Étienne Lombard, aliliandika jambo hili mwaka 1911: mtu akiwa katika kelele, sauti yake inapanda bila yeye kutaka. Na haipandi nguvu tu. Inakuwa nyembamba zaidi, vokali zinavutwa, konsonanti zinamezwa. Kwa hiyo ukifundisha tableti katika ofisi yenye kimya, halafu ukaenda nayo kwenye mashine ya kuvunja mawe, umeifundisha mtu mwingine. Kipimo ambacho wataalamu wa afya wanakipendekeza kwa kazi ya saa 8 ni desibeli 85. Kila zikiongezeka 3 tu, nguvu ya kelele inakuwa mara mbili. Kekee ya mwamba inapita 110. Katika hali hiyo hata mimi mbele yako sisikii, sembuse kisanduku ukutani.

Ongeza kinyago cha vumbi, ambacho kinaua "s", "sh", "ch" na "f" kabla hazijatoka. Hizo ndizo sauti zinazotenga washa na wacha! Wala usivue kinyago ili tableti ikusikie. Nasema hivyo kwa sababu najua wengine watafanya. Vumbi la mwamba linaingia katika pafu na halitoki tena. Mashine isiyosikia mtu mwenye kinyago ndiyo yenye kasoro, na itoke ukutani.

Ongeza mwisho woga. Mtu aliyeumia anapumua haraka, koo imekauka, sauti imekatika. Na hasemi Kifaransa. Wengine wameniambia: "Infirmie, tuweke amri zote katika Kifaransa, ndiyo lugha ya vyombo." Nimepokea watu wenye maumivu miaka 11. Sijasikia hata mmoja anayelia kwa lugha ya shule. Wanalia kwa lugha ya mama zao, na Bunia mama zetu wana lugha nyingi. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha sote, basi amri za hatari ziwe za Kiswahili, Kiswahili chetu hiki, pamoja na majina ya fasi tunazozijua wote.

Kwa hiyo ninaomba ofisi kwa heshima: maneno yajaribiwe pale pale penye kelele, usiku na mchana, na watu wenye vinyago na vizibo. Wajaribu akina mama wa jikoni na wa ghala pia, kwa sababu mashine nyingi zinazoea sauti nzito za wanaume. Ajaribu mzee wa lango ambaye meno ya mbele hayapo. Ajaribu mtu aliyepanda ngazi mbio. Neno likikosewa na hao, lifutwe, hata kama ni zuri.

Na kitufe chekundu cha kusimamisha kibaki. Hapo sitaki majadiliano. Sauti iweze kusimamisha, sawa, lakini isiwe peke yake, na isiruhusiwe kamwe kuwasha kitu chenye meno ao mkanda. Hata kule Kibali, katika Haut-Uélé, ambako mashine za kuzoa mawe chini ya ardhi zinaongozwa na watu wanaokaa juu mbele ya vioo, usalama haukuachiwa maneno. Zinafanya kazi katika njia zilizofungwa, ambamo mtu haruhusiwi kuingia wakati zinatembea.

Nimesikia pia manung'uniko mengine katika kambi, nayo ni ya haki: tableti inayosikiliza amri inasikiliza na mazungumzo. Je, mkimsema chifu wa posti, habari inakwenda wapi? Ofisi iandike wazi kinachowekwa na kinachofutwa, na karatasi hiyo ibandikwe karibu na tableti, siyo kabatini. Mtu anayeogopa kisanduku hatakisemesha siku ya ajali.

Neno moja juu ya simu zenu, kwa kuwa najua baada ya kusoma haya mtaenda kuzichezea. Unda amri nyumbani, ni jambo jema, hasa kwa mzee mwenye macho mabovu ao mtu asiyejua kusoma. Lakini usiingie na simu fasi pa baruti. Mawimbi yake na fataki za umeme havipatani, na sheria hiyo haina ruhusa ya kusema "nilikuwa najaribu amri tu".

Yule ndugu amerudi kazini, yuko ghala la vyombo. Mkono wa kushoto umepona, anajifunza kuandika nao. Amri za simu amebaki nazo, ingawa sasa anaweza kugusa. Anasema amezoea kuita Mambasa. Siku moja nilimwuliza kama tuongeze amri ya kusimamisha muziki, nikapendekeza "wacha". Aliniangalia tu. Tukaweka "Irumu kimya".

Mwenzake wa usiku ule pia anakuja Jumatano, kwa sababu Jumatano ndipo tunajaribu maneno. Nimeweka daftari juu ya meza ya dispansari, karibu na mzani wa watoto. Andika neno lako na kazi yake, kisha ulitamke mara 5 mbele ya wengine, kinyago usoni, na mtoto wangu anapiga debe nyuma. Kufika leo tuna maneno 9 yaliyobaki. La kwanza ameliandika yeye kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizopinda: HATARI DJUGU. Chini yake kuna mtu ameandika "Primus", iwe amri ya kuita gari la wagonjwa. Nimelifuta. Katika kambi hii gari lingezunguka usiku kucha.